Beti Nne Ndani ya Mizani ya Mbuzi

Mshauri mpenzi, salamu nyingi kutoka Kayole, nakuandikia nikiwa mke wa miezi miwili na furaha hainienei kifuani, kwa maana Mungu alinipa Matheka, fundi wa mizani, mwenye vidole vyembamba na sauti ya upole, na hata akishika bisibisi mimi humtazama kana kwamba ameshika mkono wangu. Sasa Matheka anaunda mizani ya umeme ya kupima mbuzi wakiwa hai, kwa ajili ya Bwana Abdinoor, mfanyabiashara wa soko la mbuzi la Kiamaiko, na ubongo wa mizani hiyo ni kidude cheusi kiitwacho chipu, kina kidirisha cha kioo mgongoni, na mwanga mkali ukiingia hapo maandishi yote yaliyomo hufutika, ndiyo maana kidirisha hufunikwa kwa kibandiko. Ndani ya chipu hiyo, wiki ya harusi yetu, Matheka aliniandikia shairi la beti nne, na ingawa kioo cha mizani huonyesha namba tu, mimi najua limo, na nikipita karibu moyo hunidunda.

Shida ni kwamba mbuzi hatulii. Mizani huchukua vipimo sitini vya mbuzi anayerukaruka, kisha hujumlisha kimoja kimoja ili ipate wastani, na namba inapotokea mbuzi ameshashuka yuko chini anatafuna kamba, na wachinjaji wanacheka. Phares, mwenzake wa kazini, akasema dawa ni kuongeza laibrari ya hesabu, nami nikadhani anataka vitabu, kumbe ni maagizo yaliyokwisha kutungwa na mafundi wengine, yanayochukua safu nzima ya namba na kuikokotoa kwa mkupuo. Lakini chipu imejaa, na ni hiyo moja tu aliyo nayo. Phares akaniangalia akasema, "Shemeji, laibrari haiingii mpaka shairi litoke."

Nikalia, Matheka akanyamaza, na walipoenda kula chakula cha mchana wakaniacha karakanani, mshauri wangu, nikachukua ile chipu nikaificha ndani ya kopo la keki ya harusi. Abdinoor anataka mizani mwisho wa mwezi, la sivyo anarudia ile yake ya kuning'iniza na Matheka atakosa kazi ya mizani nyingine tano. Kila siku Matheka ananiuliza kwa upole, "Wayua, hujaona chipu yangu?" nami namimina chai. Je, mume akikufuta kwenye mashine, si ameanza kukufuta moyoni?

Ni mimi,
Bibi Arusi wa Kayole

Mshauri anajibu:

Bibi Wayua, nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikitafuta mahali penye shida. Pole kwa machozi. Sasa nisikilize.

Umeolewa na fundi, ukataka mizani ndiyo ikupende. Beti nne zisizosomwa na yeyote, hata wewe, zimekalia nafasi ya kazi, na mwenye kazi anapekua nyumba nzima huku ukimuongezea sukari. Angekuwa mfanyakazi wake aliyeficha kifaa hicho, ungemwita jina gani? Na mbuzi wa Kiamaiko yuko njiani kwenda kuchinjwa, mama. Hana muda wa kungojea mahaba yako.

Unasema anakufuta. Kama angetaka, angelifuta shairi kimyakimya siku ile ile, nawe usingejua maisha yako yote, kwa kuwa kioo huonyesha namba tu. Alinyamaza kwa sababu yako. Hilo hukuliona, ulikuwa unalia.

Leo, kabla ya kuchemsha chai, toa chipu kwenye kopo, ipanguse makombo, mpe mkononi na umwambie ilikokuwa. Akicheka, vumilia. Shairi aliandike kwenye karatasi na akusomee kwa hiyo sauti ya upole, maana chipu haijawahi kukusomea hata mstari. Naye akishaingiza laibrari yake atahitaji kibandiko kipya cha kufunika kidirisha. Andika jina lako hapo, kwa kalamu. Halitachukua nafasi ya namba hata moja, na siku kibandiko hicho kikibanduka, mwanga utaingia na mizani nzima itasahau kazi yake.