Helmeti Alizotengeneza Babu

Jumatatu, 3 Machi

Naandika haraka, mwandiko huu hata mimi sitausoma. Asubuhi mume wangu alikuwa anampeleka Chiriku shule kwa pikipiki, kama kila siku. Kwenye kona ya kituo cha mafuta kuna mtu alikuwa amemwaga oili. Wakateleza, chini wote wawili. Baba mtu kachubuka goti. Mtoto kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Simu imenikuta dobini napiga pasi — nikaiacha pasi juu ya kola. Shati la mtu limeungua. Bosi kanitazama tu, kaniambia nenda.

Mtoto mzima! Kiwiko kimechunika, basi. Daktari kamuuliza jina lake, kamuuliza leo siku gani, kammulika macho kwa tochi. Akasema helmeti ndiyo iliyomwokoa. Nimeiona: ufa upande wa kulia, kuanzia juu ya sikio mpaka karibu na utosi. Ufa ule ungekuwa kwenye fuvu la mwanangu.

Jumatano, 5 Machi

Chiriku hataki pikipiki. Jina hilo tulimpa kwa sababu hanyamazi, ila tangu juzi kimya. Leo baba yake kawasha tu, mtoto akakumbatia nguzo ya mlango, habanduki. Nimempeleka kwa miguu. Nimechelewa kazini. Baba yake anasema tusimlazimishe. Sawa, tusimlazimishe, ila miguu ni yangu.

Helmeti mume wangu aliitupa kwenye pipa la taka. Baba mkwe kaiokota. Kaigeuza huku, kaigeuza kule, kauliza nani katupa kitu kizima namna hii.

Jumapili, 9 Machi

Babu (siku hizi nami namwita kama Chiriku anavyomwita) hatoki uani. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari na kupuliza rangi. Macho yakafifia, akaacha. Mama mkwe akafariki, akahamia kwetu. Toka hapo ni kiti, redio, na kuniuliza saa ngapi. Sasa namsikia anapiga msasa — na anapiga mluzi! Sikujua kwamba anajua mluzi.

Leo kaitoa. Ufa kauziba kwa pati, kasugua, kapaka praima ya kushikia rangi, kapuliza buluu tabaka juu ya tabaka. Inang'aa mpaka unaweza kujitazama ukapaka wanja. Ufa huuoni hata ukiutafuta kwa kucha. Nyuma kaandika CHIRIKU kwa mkono wake, herufi nyeupe zimenyooka kama za kiwandani.

Mtoto kavaa, kasimama mbele ya kioo muda mrefu. Akasema, Babu, kesho nitapanda. Nimeingia jikoni nikalia kidogo. Mtu ana haki ya kulia jikoni kwake.

Jumatano, 12 Machi

Anapanda. Kelele zimerudi, masikio yanauma, nashukuru.

Mama Pacha wa nyumba ya pili kaiona helmeti, kaja na mbili za wanawe. Alizinunua mtumba, zote zina nyufa. Babu kamwambia weka hapo. Hataki malipo, hata soda hataki. Usiku kala sahani mbili. Mume wangu anasema mzee amezaliwa upya, na kweli hata shati kachomekea.

Ijumaa, 14 Machi

Afadhali nisingekwenda. Tulikuwa tumeambiwa tumrudishe Chiriku aangaliwe kiwiko. Nesi kaisifu helmeti, kauliza tumeinunua wapi. Chiriku na mdomo wake: ni ileile niliyoanguka nayo, Babu kaitengeneza! Nesi akatabasamu, akamtuma mtoto nje akaangalie samaki wa mapambo. Halafu akanishika mkono.

Anasema helmeti ikishagonga mara moja imekwisha kazi. Ganda la nje si kitu, kinachookoa ni ile spongi ngumu nyeupe ya ndani, kama ile inayokuja kwenye boksi la televisheni. Ikibonyea hairudi. Na rangi ya magari inalidhoofisha hata hilo ganda. Akasema taratibu, wala hakunifanya mjinga. Akasema, mama, hapo mtoto amevaa kofia tu.

Nimerudi na mtoto kwa miguu, nimembebea helmeti. Nimefika getini, Babu ananionyesha za mapacha, nazo buluu, zinakauka kwenye kamba. Anacheka kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Nimesema, hongera Babu.

Hongera! Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumejifungia chumbani mimi na mume wangu tunanong'ona kama wezi. Mwambie wewe, ni baba yako. Hapana, mwambie wewe, anakupenda. Yeye anataka tununue mpya, tuipake buluu ileile, tubadilishe kimyakimya. Nikamuuliza, utampa fundi gani aipake? Maana anayeijua buluu ile ni mmoja tu.

Tukiwa bado humo Mama Pacha akaja kuchukua za wanawe. Namsikia Babu anamwambia, vaeni bila wasiwasi, hizi sasa ni ngumu kuliko mpya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Ningeweza kutoka. Nimeshika pazia mpaka pikipiki yao ikaondoka.

Jumanne, 18 Machi

Uongo wetu: pikipiki mbovu, mtoto anakwenda kwa miguu. Chiriku kanuna. Asubuhi nzima ananiuliza pikipiki ina nini, nami nasema injini. Injini imefanya nini? Imechoka. Watoto wa siku hizi hawadanganyiki kirahisi.

Nilipita kwa Mama Pacha nimwambie. Nikauzunguka mbuyu wee, habari za biashara, habari za mapacha, mwisho nikamwambia awe anaendesha polepole. Akasema, tangu Babu atutengenezee helmeti mimi sina hofu tena. Nikaomba maji ya kunywa. Nikarudi nyumbani.

Najichukia leo. Si kidogo.

Ijumaa, 21 Machi

Mume wangu kaja na helmeti mpya, nyeupe, kaificha chini ya kitanda. Natoka chumbani namkuta Babu uani amechuchumaa mbele ya pikipiki, spana mkononi, plagi zimetoka, kabureta iko kwenye beseni. Kaamua kuitengeneza mwenyewe!

Akaniita. Mkwe, pikipiki hii haina ugonjwa. Wenye ugonjwa ni nyinyi. Kuna nini?

Nikapiga moyo konde, nikamwambia yote, maneno ya nesi kama alivyoyasema. Nimeinamisha kichwa, siwezi kumtazama mzee usoni wakati namvua nguo. Akaiweka spana chini. Kisha akasema yeye amenyoosha magari yaliyopinduka, na yanatembea mpaka leo, na watu wamo ndani. Nikasema najua, Babu. Akasema nesi ajue sindano. Akaingia ndani, akafunga mlango wake.

Chakula hakugusa. Redio hakuwasha. Mume wangu ananitazama kama mimi ndiye niliyeanguka na pikipiki kwenye oili. Nimemwambia asinichokoze.

Jumamosi, 22 Machi

Sikwenda kazini. Asubuhi nimesikia msumeno wa chuma. Nimetoka na kijiko cha chai mkononi, Babu ameibana ile helmeti kwenye jiriwa yake, anaikata. Katikati ya jina la mtoto. Chiriku amesimama pembeni, machozi yanamtoka bila sauti. Nikataka kumzuia. Mume wangu akanishika bega, akasema mwache.

Ikaachana vipande viwili. Babu akavipeleka kwenye jua, akavisogeza karibu kabisa na macho. Akang'oa kitambaa cha ndani. Spongi ya kushoto, unene wa kidole gumba. Ya kulia, pale ilipogonga, imelala nyembamba kama biskuti, na imekatikakatika. Akaweka kidole hapo. Kidole kikazama, punje nyeupe zikamwagika.

Chiriku akauliza, hapo ndipo kilipokuwa kichwa changu? Babu akasema ndiyo, mjukuu wangu. Mtoto akajishika kichwa upande wa kulia.

Babu akasema, pati nimepaka, rangi nimepaka, humu ndani sikutazama. Nimepamba maiti. Nilitaka kumwambia hakukosea, alitengeneza kwa mapenzi. Nikamwambia. Sikutaka abaki na neno lile peke yake. Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono kidogo, mkono wake una vumbi la buluu.

Halafu akauliza, za mapacha ziko wapi?

Mama Pacha kawachukua watoto tangu alfajiri, wamekwenda kwa shangazi yao, nje ya mji. Barabara kubwa, ile ya malori. Simu inaita, haipokelewi. Bila shaka yuko njiani. Mume wangu kaiunganisha kabureta haraka haraka, pikipiki haiwaki. Sasa ni mbovu kweli!

Alasiri, bado.

Naandika nimekaa kizingitini, siwezi kukaa ndani. Babu amesimama barabarani tangu saa sita, hataki kiti. Kila pikipiki inayotokea anaisimamisha, anainama, anatazama karibu, anaomba radhi. Macho hayamsaidii. Chiriku kaitoa helmeti mpya chini ya kitanda — kumbe alikuwa anajua ilipo — kaishika kifuani, kasimama naye. Nimemuuliza ya nini. Anasema ni ya kuwapa. Nimemwambia, mwanangu, wao ni wawili. Anasema anajua, anafikiria.

Nimepiga simu tena. Inaita tu.

Wamepita. Nimewaona kwanza vichwa, buluu mbili zinang'aa kwenye jua, huwezi kuzikosa. Babu akanyanyua mikono yote miwili juu, akaita. Mapacha wakampungia. Mama Pacha naye akapunga mkono, akapiga honi, anacheka — alidhani anasalimiwa. Hakusimama kwake wala nini, amenyoosha moja kwa moja kuelekea sokoni. Chiriku anakimbia nyuma yao anapiga kelele, sauti yake yote. Babu anamfuata kwa miguu katikati ya barabara, fimbo yake ya kutembelea kaiacha hapa ukutani. Naacha hapa, natafuta viatu vyangu.