Mjibu Maombi Amegonga Mlango

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla sijafanya la kujutia, mimi ni fundi cherehani, dada yangu alifariki akaacha binti mchanga nikamlea mimi na mume wangu, sasa yuko darasa la tatu na ananiita mama, basi tukapeleka ombi mahakamani la kumuasili ili awe mtoto wetu kisheria, furaha tupu, mama mkwe tu ndiye aliyesikia "kuasi" akauliza mbona tunamfundisha mtoto uasi, tukacheka mpaka machozi, lakini karani wa mahakama alipopiga simu kicheko kikakatika, akasema mimi ni mwombaji, nikamwambia sijawahi kuomba hata chumvi kwa jirani, akasema baba mzazi wa mtoto ndiye mjibu maombi, nami najua anayejibu maombi ni Mungu peke yake, halafu eti shauri litasikilizwa faragha kisha hakimu atoe hukumu, mshauri, hukumu si ndiyo kufungwa? Na jana shemeji mwenyewe, huyo baba wa mtoto, anayefanya kazi mbali na huja kwa nadra, kagonga mlango mkononi ana viatu vipya vya mtoto, anacheka, "Shemeji, mjibu maombi nimefika!" nikamfungia mlango usoni, sasa nguo za mtoto ziko kwenye begi, nataka kumficha kwa shangazi yangu, mume wangu anasema nimechanganyikiwa, je, nikimbie?

*Mshauri anajibu:*

Fundi, fungua hilo begi, nguo zirudi kabatini.

Pole kwa hofu, mwanangu, lakini umejitisha mwenyewe. Karani alikuwa kwenye simu, kwa nini hukumuuliza? Mwombaji ni yeyote anayepeleka ombi mahakamani, hata awe tajiri wa kutupwa. Mjibu maombi ni anayepewa nafasi ya kusema anakubali au anapinga. Kusikilizwa faragha ni kukaa ndani bila watazamaji, kwa heshima ya mtoto. Na hukumu ni uamuzi wa hakimu, basi. Hujashtakiwa kwa jinai yoyote, ila ukimtorosha mtoto utakuwa umejitafutia kesi ya kweli.

Tena mtu aliyekuja kunyang'anya mtoto haji na viatu huku akicheka! Mpigie shemeji yako leo hii, mwombe radhi, umuulize waziwazi kama anatoa ridhaa, yaani anakubali kwa hiari yake. Siku ya shauri nendeni nyote, na neno likikupita, nyoosha mkono uulize palepale.

*Wasomaji wangu,* kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa, fundi, niliyemtumia jibu hili mapema, amenipigia simu kwa vigelegele mpaka sikio likaniuma. Kumbe siku ile shemeji alikuwa amekuja kumwambia kwamba anakubali. Ridhaa ameitoa mbele ya hakimu, na ombi limepita.

Lakini kwanza hakimu alimgeukia mtoto. "Unataka kuishi wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

Binti akanyoosha kidole. "Pale alipokaa mama."