Alama za Mikono Ukutani Westlands

Mjukuu wangu Mwende,

Huku tuko salama. Goti la nyanya yako limepoa na amerudi kwaya. Kuku nao wamemaliza sukuma wiki yangu.

Unauliza: hapo Australia mnapopamba kuta za barabara kuu kwa michoro ya wenyeji na kupanda miti yao, mtajuaje kama wenyewe wameipenda?

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa simiti, tukijenga barabara Westlands, Nairobi. Ukuta wa kando yake tuliupamba kwa michoro ya kiondo, kile kikapu chetu cha kusuka, chini yake tukapanda mishubiri ya kienyeji. Basi akina mama waliokuwa wakienda kazini Kitisuru wakawa wanasimama, wanapapasa ukuta, wanabishana huo ni msuko wa kina nani. Mishubiri wakaivunja, wakapeleka dawa nyumbani.

Mnyapara akafoka, "Wanachafua! Leteni seng'enge!"

Msichana mmoja akamcheka. "Kwani mzee, kitu cha kwetu tukiangalie kwa mbali?"

Hata mnyapara alicheka. Seng'enge haikuja. Msichana nilimwoa.

Kwa hivyo ukuta wenu ukijaa alama za mikono, furahi. Ukibaki safi, rudi uwaulize wenyeji mlikosea wapi.

Babu yako,
Kyalo