Mabibi wa Chumba cha Twiga

Ibadakuli, Shinyanga
2 Juni 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako linakuruhusu kusali bila kunung'unika. Mimi sijambo, ni mafua tu ya vumbi la vitambaa, nayo tumeshazoeana. Dorah hajambo? Bado anakunyang'anya viazi? Barua nampa Pantaleo, kondakta wetu yuleyule, maana nikikupigia simu unaniweka spika na ukoo mzima unachangia.

Mama, nina jambo. Unajua kwa nini Dorah yuko kwako. Yule dada aliyekuwa ananilelea mtoto alikwenda zake Bulyanhulu kuwauzia wachimbaji chapati, na kiwandani kwetu mtoto haruhusiwi kuvuka geti. Mwaka sasa nashona ovaroli za migodini na fulana za Ulaya, huku mwanangu anajifunza kuongea akiwa Ushirombo. Jioni nikirudi chumbani naongea na ndoo. Nimechoka kuwa mama wa Desemba tu.

Sasa sikia. Wanunuzi wa Ulaya wanamleta mkaguzi tarehe ishirini, na masharti yao yanataka kiwanda kiwe na chumba cha watoto wa wafanyakazi. Basi stoo ya maboksi ya nyuzi imepakwa rangi harakaharaka na kuchorwa twiga ukutani, mmoja ana miguu mitano. Bwana Viral, mwenye kiwanda, ametangaza kwamba kila mwenye mtoto mdogo amlete siku hiyo. Msimamizi wetu Gregory akatuambia pembeni tusizoee, kesho yake maboksi yanarudi. Wiki nzima anatufundisha majibu. Tukiulizwa chai, ipo. Tukiulizwa choo, tunaenda muda wowote na ni kizuri.

Najua ni maigizo. Lakini siku hiyo moja naitaka. Niletee Dorah, nishone nikijua yuko upande wa pili wa ukuta.

Binti yako,
Evelina


Ushirombo
9 Juni 2024

Mwanangu Evelina,

Milele amina. Marahaba. Goti halijambo, mwenye goti ndiye mkaidi. Kaka yako Benedict anakusalimu na anaomba ovaroli ya kulimia. Nimemwambia aliyo nayo bado haijawahi kuchafuka. Dorah mzima. Saa hizi amevaa kofia yangu ya shambani na anawafokea kuku kwa sauti yangu kabisa, mpaka naona aibu.

Tunachuma pamba. Mwaka huu imefunguka vizuri, tumeijaza hadi chumba cha wageni, mgeni akija atalala juu yake kama chifu. Nimemwambia Dorah kwamba huko mbele hii ndiyo inakuwa nguo anazoshona mama yake, akaichukua akaitia mdomoni.

Nitamleta. Ila tangazo la bwana wenu lina kasoro. Anataka mtoto aletwe, wala hataji bibi yake. Mtoto mdogo anasafiri na nani, na upepo? Mama yake Loveness, huyo unayeshona naye laini moja, nimekutana naye mnadani. Naye anamleta mjukuu, tumepanga kupanda basi moja. Nasikia na mabibi wengine wanakuja. Tutakaa na wajukuu wetu humohumo na tutanyamaza.

Ni siku moja tu, halafu narudi naye. Tukubaliane mapema, usije ukanililia stendi.

Mama yako


Ushirombo
24 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Tulifika salama. Kuku wote wapo, Benedict kamaliza sukari.

Stendi ulilia, na tulikubaliana. Dorah naye alilia mpaka Kahama, halafu akalala, mimi ndiye nikaendelea. Jirani yangu kwenye kiti akadhani nimefiwa.

Lakini sikukueleza vizuri habari za yule mkaguzi wenu, yule dada wa Dar mwenye miwani. Tulikuwa mabibi wengi kuliko mkeka. Akaingia, akavua viatu, akakaa chini na sisi. Ana adabu, alitoa shikamoo kwa kila mmoja. Akaniuliza, "Bibi, umeanza lini hapa?" Nikamwambia tangu asubuhi, basi lilichelewa kidogo. Akauliza kama tunalipwa kwa wakati. Nikamwambia mwanangu, sijaona hata shilingi, na nauli nimejitolea mwenyewe. Chai je? Nikasema tangu tushuke kwenye basi hatujaona hata maji ya moto. Mapumziko? Mapumziko gani na Dorah yuko macho? Mama yake Loveness akaongeza kwamba choo cha huku nyuma mlango wake unafungwa kwa kamba, na kamba yenyewe unaishika wewe uliye ndani.

Akawa anaandika tu. Nimempenda. Siku hizi ni wachache wanaowasikiliza wazee namna ile. Kama ana mchumba sijui, Benedict bado hajaoa.

Mama yako


Ibadakuli
3 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini umekaa. Kama hujakaa, kaa kwanza.

Wiki iliyopita niliitwa ofisini. Kumbe yule dada aliwadhania nyinyi ndio waajiriwa wa chumba cha watoto. Sisi tulikariri majibu wiki nzima, nyinyi hakuna aliyekumbuka kuwafundisha. Bwana Viral akanisomea kwenye simu taarifa ya yule dada: walezi wa watoto ni wanawake wazee, hawajawahi kulipwa, wanajilipia nauli, hawapewi chai. Akaweka simu mezani akaniuliza, "Evelina, mama yako niliajiri lini mimi?"

Nilijua kazi imeisha. Gregory alikuwa anaangalia feni. Ama Bwana Viral awaambie wanunuzi kwamba chumba kilikuwa cha maonyesho na walezi hawapo, ama awe na walezi wa kweli na awalipe. Alikuwa anazunguka ofisi anahema.

Kwenye kona alikaa mama yake, Mama Madhuben, anayechambua vifungo. Akasema bila kuinua kichwa, "Viral, wewe nimekulea chini ya meza ya duka letu kule Nyasubi, mguu mmoja unakubembeleza, mkono unakata kitambaa. Mpaka leo mgongo unauma. Lipa hao kina mama." Halafu akacheka mpaka vifungo vikamwagika, na Bwana Viral naye akashindwa kujizuia. Tukaviokota wote, Gregory akiwa chini ya meza.

Mama, maboksi yametolewa tena. Chumba kitakuwa cha kila siku. Choo kimewekwa komeo. Chai ni saa nne, na siyo ya walezi peke yao, hata sisi wa cherehani. Loveness kanywa vikombe vitatu siku ya kwanza, halafu akalijaribu komeo.

Mkaguzi anarudi Septemba na anataka kuwaona walezi walewale. Bwana Viral anauliza utaanza lini. Kama hutaki kuliacha shamba, mabibi wengine wapo. Lakini Dorah namtaka, mama. Sikufichi. Najua pia ninakunyang'anya nini.

Binti yako,
Evelina


Ushirombo
19 Julai 2024

Mwanangu Evelina,

Nimechelewa kujibu. Pantaleo alipita akaulizia barua, nikamwambia kalamu imekwisha wino. Kalamu ilikuwa nzima. Nilikuwa nimekasirika, halafu nikaona si hasira, ni woga. Nilimzoea. Nikiwaza nyumba hii bila yeye, nasikia baridi na jua linawaka.

Nikamwangalia akicheza kwenye pamba, nikakukumbuka wewe wa umri ule. Wewe nilikuwa nawe mgongoni shambani tangu asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyenizuia getini. Mtoto ni wako. Hilo nimelisema kwa sauti hapa ndani ili nijisikie mwenyewe.

Kwa hiyo nakuja kazini. Pamba imeshapimwa na Benedict atabaki na kuku. Mvua za kupanda zikianza nitarudi shambani, mama yake Loveness atashika nafasi yangu. Dorah hatarudi na mimi. Atabaki kwako.

Mwambie Bwana Viral jambo moja. Yule dada akirudi akaniuliza tena, nitamjibu kama nilivyomjibu mwanzo, kweli tupu. Majibu mazuri ayaandae yeye.

Barua hii sikumpa Pantaleo, nimeikunja kwenye khanga. Nitakupa mwenyewe hapo getini, na najua utaanza kuisoma palepale umesimama. Basi ukifika hapa inua macho. Dorah ana njaa.

Mama yako