Bomba Nililokata Mimi

KITUO CHA POLISI KILINDONI, MAFIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Haruni Ussi Shamte. Umri: miaka 49. Dini: Mwislamu. Kazi: fundi wa magari. Makazi: Kilindoni. Tarehe: 22 Aprili 2024, saa 4:10 asubuhi.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Marehemu Mize Ussi Shamte ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Muhidini Kheri, mliyemfungia humu ndani, ni mume wake. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, kwa sababu nimesikia Muhidini amewaambia kwamba bomba la moshi la gari lake alilikata yeye. Uongo mtupu. Muhidini hajui hata kubadili plagi.

Mnamo tarehe 16 Aprili, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, Muhidini alikuja gereji kwangu na gari lake dogo jeupe, lile analobebea abiria na nazi kila siku kutoka upande wa Ras Mkumbi. Alitaka niliongezee nguvu. Alisema gari la Hasanali mwenye duka linampita njiani kila siku na watu wanamcheka. Akanionyesha video kwenye simu, jamaa wa huko nje anakata bomba la moshi, gari linanguruma. "Nguvu za farasi kumi hizo, shemeji, tena bure," akasema.

Kwanza nilimjibu kwa ustaarabu. Nilimwambia injini yake ni ndogo, haina turbo ya kuisukumia hewa, inavuta pumzi yake yenyewe na pumzi hiyo ina mwisho. Aweke plagi mpya na chujio safi la hewa, ajaze matairi upepo, atapata nguvu yake iliyopotea. Akitaka zaidi ya hapo apunguze nazi. Gunia sita kwenye gari lile, halafu mtu anatafuta farasi!

Gereji ilikuwa na watu. Muhidini akasema kwa sauti, "Huyu fundi wetu bwana, akili yake iliishia kwenye trekta." Watu wakaangua kicheko. Afande, niandikie hivi hivi: niliona aibu, nikapandwa na hasira. Nikachukua grainda, nikalala chini ya gari, nikalikata bomba usawa wa siti ya nyuma, nikaitoa na sailensa yake. Nilijua haiongezeki nguvu ya farasi hata mmoja. Inaongezeka kelele, basi. Nilitaka aondoke na kelele zake. Alipowasha gari alifurahi, akanishika mkono, "Umeona sasa?"

Nililolijua nisiliseme ni hili. Gari lile linatembea na mlango wa nyuma wazi, umefungwa kamba, kwa sababu magunia hayaenei. Bomba likiwa refu, moshi mwingi unabaki nyuma huko. Bomba likiishia chini ya tumbo la gari, moshi unapanda na kuingia ndani kwa mlango huo huo. Fundi yeyote analijua hilo.

Ya Jumamosi tarehe 20 niliambiwa na Muhidini mwenyewe hospitali. Waliondoka kijijini saa moja na nusu asubuhi, mvua kubwa. Mize alikuwa anakuja kumtazama mama. Kwenye kiti cha mbele Muhidini aliweka gunia la nazi, akalifunga mkanda ili gari lisimpigie kengele ya mkanda. Mkewe akakaa nyuma. Nazi mbele, mke nyuma! Na hilo liandikwe. Saa mbili na nusu, kabla ya Kirongwe, gari likazama kwenye tope. Na farasi wake wote wale, likazama. Muhidini akashuka kutafuta makuti na mawe ya kuweka chini ya matairi. Injini hakuizima, kwa sababu akiizima haliwaki mpaka lisukumwe. Mize alibaki ndani, vioo vimepandishwa kwa ajili ya mvua. Alisema kichwa kinamuuma. Muhidini akamwambia, "Lala kidogo, mke wangu, sasa hivi tunatoka." Ilichukua kama dakika arobaini. Gari lilipotoka alimwita, hakuitika.

Nilipigiwa simu saa nne. Nilifika hospitali nikakuta ameshafunikwa. Daktari alisema ni hewa ya sumu ya moshi wa gari. Muhidini alikuwa amekaa sakafuni, tope mpaka kifuani. Nilimpiga. Hakurudisha.

Tulizika siku ile ile baada ya alasiri. Jana matangani baba mdogo Matano aliniita pembeni. "Waambie lilioza," akasema. "Chumvi ya hapa inakula kila chuma, nani atabisha? Muhidini atatoka, na wewe utabaki na gereji yako. Mize harudi." Bomba halikuoza. Nimekuja nalo, lile pale mlangoni.

Shemeji yangu huyu simpendi, na sikumpenda tangu siku ya posa. Sasa anataka afungwe yeye ili mimi nisitajwe, niishi na fadhila yake shingoni mpaka nife? Sitaki. Yeye amlilie mkewe, bomba aniachie mwenyewe.

Limebaki moja. Alhamisi tarehe 18, saa saba mchana, Mize aliniletea chakula gereji. Akaniambia, "Kaka, gari tangu ulishike linanuka moshi ndani. Kichwa kinanigonga." Nilikuwa na kazi, hata sikumtazama. Nikamwambia, "Ndiyo harufu ya nguvu hiyo. Si mumeo aliitaka?" Akacheka, akaenda zake. Gari lilikuwa pale nje, na sailensa ilikuwa chini ya benchi langu. Kuichomelea ni kazi ya nusu saa.

Niliyonayo ni hayo, na nimeyasema kwa kinywa changu bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi: H. U. Shamte

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Safia, kama shahidi alivyoyatamka. Alipofika mahali pa kukata bomba nilimsimamisha, nikampa onyo kwamba anajitia hatiani na si lazima aendelee. Alijibu, "Andika, mwanangu." Nilimsomea maelezo yake akayakubali, ila aliomba nisimsomee maneno ya tarehe 18. Kielelezo kilichopokelewa: kipande kimoja cha bomba la moshi pamoja na sailensa, urefu sentimita 140. Ncha moja imekatwa kwa mashine. Hakina kutu.