Uliniambia Nisiburute Kipanya

Madam Rwamba,

Hadithi za nyanya yako ziko salama. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kutaka kujua nani alilia matangani na nani alikuja kula tu.

Hatukuwa tumemaliza hata kuwashukuru waombolezaji diski ya kompyuta ya ofisi ilipokufa. Faili lako likaenda nayo: zile hadithi alizokusimulia nyanya hapa Kiritiri, ukazipiga chapa kwa Kimbeere ili watoto wa darasa la kwanza wapate kitabu cha lugha yao. Na flashi uliyobeba ulipolazwa hospitalini hatujaiona mpaka leo. Nilikaa kwenye kiti chako nikalia, Madam. Nilikuwa nimekupoteza mara ya pili.

Halafu nikakumbuka tmux, ile programu yako ya kugawa skrini. Wewe hukuwa mtu wa kufunga kitu. Kushoto uliweka kazi yako, kulia ripoti za mashine zikitiririka, na ukiondoka ulijitoa tu, ukaacha kila kitu kikiendelea humo ndani. Nikaingia. Kila kitu kilikuwa kama ulivyokiacha. Siku yako ya mwisho kazini ulikuwa umezimwaga hadithi zote upande wa kushoto ili uzipitie, na kwa kuwa uliiambia programu ikumbuke mistari mingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, zote zilikuwa bado humo. Lakini hazikuwa kwenye diski tena, zilishikiliwa na kumbukumbu ya muda ya mashine tu. Stima ikipotea, zimekwenda. Na betri ya ofisi unaijua tabia yake.

Nikashika kipanya haraka haraka, nikaburuta. Nilipobandika kwenye faili jipya, nikakuta fisi anaomba maji mtoni, na katikati ya ombi lake mashine inalalamika kuhusu joto. Kosa langu la siku ya kwanza kazini, lile lile! Kipanya hakijui mpaka. Kinazoa mstari wote wa skrini, wa kwako na wa jirani. Siku ile ulicheka hadi ukavua miwani, kisha ukaniambia, "Kinya, usiburute. Hii skrini si gunia la makaa. Iambie ikupe yote."

Wataalamu wengine niliowahi kukaa nao hukunyang'anya kibodi, wakafanya mambo yao mbio, ukabaki umetoa macho. Wewe uliweka mikono nyuma ya mgongo ukasubiri. Nikikosea, unasubiri. Sijui uvumilivu ule uliutoa wapi, maana kwa chai iliyopoa hukuwa nao hata kidogo.

Basi nikaiambia. Amri moja ya kuchukua upande wa kushoto peke yake, kuanzia mstari wa juu kabisa hadi wa mwisho. Nyingine ya kuutia kwenye flashi yangu. Zikaja zote, safi, bila ripoti hata moja ndani yake. Alasiri hiyo stima ikapotea na betri ikazima. Nilikuwa nakunywa chai.

Jumamosi nilienda kumsomea nyanya yako. Ulisema sisi Wameru wa Kanyakine tutakuharibia Kimbeere, na kweli alinisahihisha karibu kila sentensi, akicheka kama wewe. Tukafika hadithi ya msichana na mbuzi, ambayo inakatika njiani. Ilibidi nimweleze kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipokuzidi. Akatazama mbuzi wake uani. Nilidhani nimemuumiza, nikaanza kufunga laptop. Akanishika mkono.

"Andika," akasema. "Nitamalizia."

Akasimulia polepole, akinipa nafasi kila baada ya maneno machache. Wewe ndiye uliyemzoesha hivyo. Niliandika na machozi yananidondoka, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi kitabu kitachapwa, na jina lako litakuwa kwenye jalada pamoja na la nyanya. Nilitaka pia kukuandikia hapa jinsi ile hadithi ya mbuzi inavyoisha, lakini amenikataza. Amesema sehemu hiyo atakuja kukusimulia mwenyewe.

Wako,
Kinya