Gari Refu na Mguu wa Hooyo

Doha, Jumatatu 3 Februari 2025. Ni miaka mitano na miezi miwili tangu niondoke Masalani.

Bi Khadra, asalaam aleykum. Sijawahi kumwandikia mtu wa gazeti, lakini nimekwama na sina wa kumuuliza ambaye si jamaa yangu, maana jamaa zangu wenyewe wamo ndani ya hili jambo. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijatoka darasa la sita kwenda kuchunga, nikikosea unisamehe, na kidole kimoja pia hakikunjiki tangu bomba liliponiangukia.

Kazi yangu hapa ni kufunga vyuma vya jukwaa ambalo mafundi husimama juu yake wakijenga maghorofa. Napanda alfajiri, nashuka jioni, mgongo umekwisha, lakini usinihurumie, nakuandikia nikiwa mshindi. Tunanunua gari, Bi Khadra, na si gari la mtumba lililochoshwa na watu wengine huko Japani, ni jipya, la watu saba, ambalo viti vyake havijakaliwa na mtu, mimi na ndugu zangu wawili tumechanga na hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, ameuza ngamia wake wanne akajazia, na katika ukoo wetu sisi ndio wa kwanza. Wakati mwingine nikiwa ghorofa ya thelathini nalikumbuka hilo gari nacheka peke yangu, mpaka Mursal ninayelala naye chumba kimoja ameniuliza kama jua limeniingia kichwani.

Sikujua kwamba gari jipya huchaguliwa kama nguo kwa fundi cherehani. Nilidhani unalipa, unapewa. Kumbe gari ni lilelile lakini lina matoleo matatu. La chini lina rimu za chuma, viti vya kitambaa na gia za mkono. La kati ni otomatiki, lina kamera ya nyuma na ngazi ndogo ya kukanyagia chini ya kila mlango. La juu lina viti vya ngozi, dirisha paani, skrini pana na rimu zinazong'aa. Halafu kuna vitu vya kuongeza, unavitia alama kwenye fomu, keria, vyuma vya kulinda mbele, springi ndefu za kuliinua gari pamoja na tairi kubwa. Fomu ililetwa kwenye simu yangu na niliisoma siku tatu wakati wa chakula, mchuzi ukipoa.

Aliyekwenda Nairobi kuliangalia ni adeer Nunow, ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Adeer ni mtu wa ngamia, amenunua na kuuza soko la Garissa maisha yake yote na hakuna anayemdanganya. Alilizunguka lile gari kama anavyozunguka ngamia, akainama akatazama tumbo, akapiga tairi teke, akamwambia dada wa mauzo kwamba miguu ya gari ni mifupi, mvua ikinyesha kati ya Bura na Masalani litalala tumbo kwenye tope. Na alisema kweli, ile njia ikilowa hata lori hukaa wiki. Basi akachagua toleo la juu, liinuliwe, liwekwe tairi kubwa, na ngazi za pembeni ziondolewe kwa sababu zinaning'inia na zitang'olewa na mashimo. Aliponitumia picha ya gari la namna hiyo nilishindwa kulala kwa furaha, nikaiweka kwenye kundi letu la Whatsapp la watu wa Masalani, na binamu yangu Liban akaandika, "Waryaa Shuaib, hilo ni gari au ni mojawapo ya maghorofa uliyojenga?" Nikamjibu kwamba ni ghorofa, na yeye atalitazama akiwa chini.

Sasa nikwambie gari ni la nini. Hooyo aliteleza kisimani miaka miwili iliyopita akavunjika nyonga. Walimtengeneza, anatembea kwa kile chuma cha miguu minne, polepole lakini anatembea, ila mguu wa kulia haukunjiki vizuri wala hauinuki. Anatakiwa kliniki Garissa kila mwezi. Mara ya mwisho alipandishwa gari la abiria kwa kubebwa, mwanamume mmoja kwapani na mwingine miguuni, nguo yake ikapanda mbele ya steji nzima, na mmoja wao akasema, "Shika vizuri, huyu mama ni mzito." Aliporudi alimwambia mke wangu Rahmo, anayeishi naye pamoja na watoto wetu, kwamba hapandi tena gari lolote kwa mikono ya wanaume wasio wanawe, na tangu Agosti hajaenda kliniki hata mara moja. Kwa sababu hiyo Rahmo alijifunza kuendesha akapata leseni, na sisi tukaanza kuchanga.

Wiki iliyopita nilimpigia hooyo nimsimulie gari lake. Nikamsifia urefu wake kama ninavyokusimulia wewe. Akauliza mlango wake uko wapi. Nikasema uko pembeni, hooyo, kama magari yote.

"Sikuulizi upande. Nakuuliza uko juu kiasi gani."

Nikasema hatujapima.

"Ngamia wa baba yako alikuwa anapiga magoti nikapanda," akasema. "Hili lako litapiga magoti?"

Kisha akampa Rahmo simu.

Bi Khadra, katika wanaume wote tuliokaa tukapima tope na mawe na mashimo hakuna aliyepima mguu wa hooyo. Na nakiri kwako, nilijua. Siku ile ya picha kitu kiliniuliza moyoni atapandaje, nikakinyamazisha, kwa sababu nilitaka gari linaloonekana kutoka mbali, nilitaka watu waione miaka yangu mitano ikipita barabarani. Rahmo anasema tuchukue la kati na ngazi zake. Lakini nikimwambia adeer abadilishe ni kama kumwambia hajui kuchagua, yeye ambaye baba alipokufa alininywesha maziwa kabla ya watoto wake mwenyewe, na tayari ameshasimulia soko zima. Fomu inafungwa tarehe 28 mwezi huu, baada ya hapo gari linakwenda kuinuliwa na hakuna kubadilisha. Je, nimvunjie adeer heshima, au nimletee hooyo gari asiloweza kulipanda? Au tuchukue hilo refu na tumnunulie kistuli?

Shuaib, Doha

BI KHADRA ANAJIBU

Waaleykum salaam, Shuaib mwanangu. Kwanza hongera, na ya moyoni. Mtu aliyetoka darasa la sita akafunga vyuma angani mpaka mama yake akaagiziwa gari jipya, huyo ameshaonekana, hahitaji springi. Endelea kucheka huko juu, ila shika bomba.

Sasa nikugombeze. Ulijua. Umeandika kwa mkono wako kwamba ulijua, ukanyamaza kwa ajili ya picha. Mlichanga kwa sababu ya mguu mmoja, mkaenda kuchagua kwa sababu ya macho ya kundi zima. Na kistuli nisikisikie tena. Mchanga, kistuli, mama mwenye nyonga iliyowahi kuvunjika. Unataka avunjike na ya pili?

Adeer wako hakukosea. Aliulizwa habari za njia akajibu habari za njia, na alijibu vizuri. Nina hakika yale ya stejini hayajui. Mama yako hawezi kumsimulia shemeji yake kwamba nguo yake ilipanda mbele ya watu, na wewe uliyejua hukumwambia. Kwa hiyo usimwambie amechagua vibaya. Mpigie wewe, kwa sauti yako, si kwa ujumbe wala kupitia kwa mkeo. Mwambie, "Adeer, kuna jambo nilikuficha, naomba uchague tena ukiwa unalijua." Hapo hakuna heshima iliyovunjwa. Mzee hudharauliwa anapofichwa, na hilo umeshalifanya.

Wakati huohuo Rahmo apime. Mama ashike chuma chake, Rahmo aweke tofali moja mbele yake, kisha mawili, na kila mara mama ajaribu kukanyaga na kusimama juu bila kuguswa na mtu. Anapofika mahali anaweza na pakizidi hawezi, papimwe kwa tepu kutoka ardhini. Namba hiyo ndiyo itakayojaza fomu yenu, si wewe wala adeer wala Liban. Adeer aende nayo Nairobi, apime kutoka ardhini hadi ngazi, na kutoka ngazi hadi sakafu ya gari, maana hizo ni hatua mbili na zote ni za mama. Akibisha, afunge goti lake la kulia kwa shali lisikunjike, apande hilo gari refu mbele ya dada wa mauzo. Akiaibika kidogo, haitamuua.

Mimi naona toleo la kati, na lisiinuliwe. Ngazi zibaki, ziwe za chuma kigumu na pana za kutosha wayo mzima. Vishikio vya ndani viwe kila mlango, na hilo mliulize, wakati mwingine huwekwa upande mmoja tu. Tope lina dawa nyingine, tairi za matope za kimo kilekile, kamba, sepetu, na mvua ikizidi mpige simu kliniki mbadilishe siku. Mlango ulio juu hauna siku ya kubadilisha. Gia na kamera amua utakavyoambiwa na Rahmo, yeye ndiye atakayeshika usukani na watoto ndio watakaokuwa wakicheza nyuma ya gari. Viti vya ngozi, kiache kimoja juani Masalani saa nzima kisha umkaribishe mgeni akae. Na dirisha la paani mwanangu, jua lenu lilikwama wapi mpaka mlikatie mlango?

Usitie sahihi mpaka mama yako aseme ndiyo kwa mdomo wake. Na tarehe 28 si mbali, kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, piga simu.

BARUA YA PILI YA SHUAIB

Doha, 17 Aprili 2025

Bi Khadra, nilipiga simu siku ileile, nikiwa bado na vumbi la kazi. Nilimsimulia adeer habari ya stejini. Halafu akauliza kitu kimoja, "Nani alisema ni mzito?" Nikasema sijui. Akasema yeye atajua, na simu ikakatwa.

Rahmo alipima. Matofali mawili hooyo aliweza, la tatu hakuweza, na Rahmo akamwandikia adeer namba hiyo kiganjani kwa wino kwa sababu karatasi huzipoteza. Adeer akapanda basi la Nairobi. Walikuwa na gari moja lililoinuliwa pale dukani, akafunga goti kwa shali yake mwenyewe, kikoi chake cha macawis kiunoni, akajaribu. Liban aliyemsindikiza anasema alining'inia mlangoni kama nguo iliyoanikwa, dada wa mauzo akajificha nyuma ya makaratasi yake, na watu wakaacha kuangalia magari wakamwangalia yeye. Adeer akashuka, akafungua goti, akamwambia yule dada, "Hili wauzie vijana. Mimi niletee lenye ngazi." Akapima ngazi, akapima sakafu, akalinganisha na kiganja chake. Vishikio vilikuwa upande mmoja tu, kama ulivyosema. Hakuondoka pale mpaka vikaandikwa pande zote. Kisha akarudi Garissa akasimulia soko zima kwamba yeye ndiye aliyegundua. Nimemwachia.

Nilipoweka picha ya gari lenyewe kwenye kundi, Liban akaniuliza ghorofa limeporomoka lini. Sikumjibu, Bi Khadra, na sikuumia hata kidogo.

Lilifika Masalani tarehe 11. Rahmo alinipigia kwa video nikaona yote, nimesimama kwenye ngazi ya kambi, Mursal akichungulia begani. Hooyo aliwaambia wote wasogee, hata Rahmo, hata watoto. Akakisogeza kile chuma hadi mlangoni, akakiacha, akashika kishikio. Mguu wa kushoto ngazini. Akapumzika hapo. Kisha akauvuta wa kulia, akaingia, akakaa, akavuta mlango mwenyewe ukafunga mara moja. Kioo kikashuka. Adeer Nunow alikuwa amesimama mbele ya gari akipangusa macho na ile shali, na hooyo akamwambia, "Nunow, sogea, unatuziba njia."

Jumatatu walikwenda kliniki, Rahmo akiendesha, adeer amebanwa kiti cha nyuma kabisa na watoto wawili. Daktari alimwambia nyonga iko salama ila amekaa sana bila kuonekana, na akamuuliza ni nani aliyemleta. Hooyo akajibu, "Nimekuja."

Mkataba wangu unaisha tarehe 20 Mei na sitauongeza. Alhamisi tarehe 22 nitatua Nairobi inshallah. Niliomba waje wanichukue uwanja wa ndege, Rahmo akasema haiwezekani, gari siku hiyo lina safari za hooyo, nipande basi kama watu wengine. Nimekubali. Nitakuwa Garissa Ijumaa tarehe 23, baada ya swala, nimekaa juu ya sanduku langu, na hooyo amesema atakuja kunichukua.